KINAMASI NI GHALA: TUVUNE YA JUU, TUSICHIMBE YA CHINI



Wenye kusafiri kwa treni kutoka Tabora kwenda Kigoma wanayajua majina haya: Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Uvinza. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Lakini kabla ya reli watu walikwenda kwa miguu. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu, nguo na shanga. Chumvi ya Uvinza nayo ilikuwa biashara kubwa. Na watumwa walipitishwa njia hiyo hiyo wakiwa wamefungwa.

Kati ya Tabora na Ujiji misafara ilikuta kikwazo kikubwa. Kikwazo hicho ni Mto Malagarasi na vinamasi vyake. Hapo hapakuvukika bila ya kuwalipa wenyeji wenye mitumbwi. Burton na Speke walivuka mwaka 1858. Stanley alivuka mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, akalipa kwa nguo na shanga, na punda wake mmoja akaliwa na mamba. Katika safari hiyo Stanley aliona jambo jingine la ajabu. Alikuta maji yaliyofunikwa na majani mazito sana. Watu wakapita juu ya majani yale kama daraja, na daraja lile likawa linatikisika chini ya miguu yao. Akaambiwa kwamba msafara mwingine ulizama hapo.

Majani yale yanayotikisika ndiyo habari yetu ya leo. Vinamasi vile bado vipo. Lakini sasa watu hawapiti tu. Wanalima, wanachunga, wanavua, wanakata mafunjo. Na wapo wanaouliza: maji haya yanakaa bure kwa faida gani? Kwa nini tusichimbe mifereji, tuyatoe yote, tupande mahindi na mboga?

Swali hilo si la kipumbavu. Mtu mwenye watoto wa kulisha ana haki ya kuuliza. Basi tulijibu polepole.

KINAMASI CHETU NI KIKUBWA KIASI GANI?

Eneo lote la vinamasi vya Malagarasi na Muyovozi, pamoja na misitu inayovizunguka, ni kilometa za mraba 32,500. Ndani yake kuna maziwa na maji ya wazi, kuna mbuga zinazofurika wakati wa masika, na kuna hekta kama 200,000 za mafunjo ambayo hayakauki mwaka mzima. Mto Ugalla unaleta maji yake huko. Mto Igombe, unaopita kaskazini ya mji wa Tabora, nao unaelekea huko huko.

Mwaka 1971 mataifa yalikutana katika mji wa Ramsar, nchini Irani, wakafanya mkataba wa kulinda ardhi ya namna hii. Kwa Kiswahili cha serikali huitwa ardhioevu, yaani ardhi yenye maji. Tanzania ilipoingia katika mkataba huo mwaka 2000, eneo la kwanza iliyoliandikisha lilikuwa hili la kwetu. Kwa hiyo kinamasi tunachokiona kila siku kinajulikana duniani.

UDONGO ULE MWEUSI NI KITU GANI?

Penye mafunjo ya kudumu, ukiingiza mti chini unazama kwenye tope jeusi lenye nyuzinyuzi. Tope hilo linaitwa mboji. Tusichanganye maneno. Siyo ile mbolea ya mboji tunayoitengeneza shimoni kwa majani na samadi. Hii ni mboji ya kinamasi.

Inatokeaje? Mafunjo hukua, hufa, huanguka majini. Shambani jani lililokufa huoza upesi, kwa sababu hewa inalifikia. Chini ya maji hewa ni kidogo mno. Kwa hiyo jani haliozi lote. Linabaki. Mwaka ujao jani jingine linaangukia juu yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini kibaba hiki hujaa polepole sana. Kwa kawaida mboji huongezeka kama milimita 1 kwa mwaka. Milimita 1 ni kama unene wa ukucha. Sasa tupige hesabu:

Miaka 10 = sentimita 1.
Miaka 150 = sentimita 15.
Miaka 1,000 = meta 1.

Tangu Stanley apite mwaka 1871 imepita zaidi ya miaka 150. Wajerumani wamekuja wakaondoka, Waingereza wamekuja wakaondoka, tumepata Uhuru, tumezaa na kuzika. Katika muda huo wote mboji imeongezeka sentimita 15 hivi. Hiyo haifiki hata shibiri moja!

JARIBU MWENYEWE

Si kila udongo mweusi ni mboji. Udongo wa mbugani ni mweusi pia, lakini ule ni wa mfinyanzi. Namna ya kuutambua ni hii:

1. Chukua donge la udongo mbichi ulikamue kwa mkono. Mboji hutoa maji mengi, kama kitambaa kilicholoa. Katika debe 10 za mboji mbichi, karibu 9 ni maji matupu.

2. Livunje donge ulitazame. Mboji ina vipande vya mizizi na majani. Mfinyanzi hauna, unateleza na kunata.

3. Likaushe juani siku kadhaa. Mfinyanzi ukikauka huwa mgumu na mzito kama tofali. Mboji huwa nyepesi.

4. Weka kipande kikavu jikoni juu ya makaa. Mfinyanzi haushiki moto. Mboji inawaka.

Jaribio hili la nne ndilo la kukumbuka. Mboji inawaka. Yaani ardhi yenyewe ni kuni.

MAJI YAKITOKA, NINI HUFUATA?

Mtu akichimba mfereji na kukausha mahali penye mboji, mwaka wa kwanza atafurahi. Mboga zitastawi. Atawaambia jirani zake, nao watachimba. Lakini chini ya ardhi mambo matatu yameanza.

Jambo la kwanza: ardhi inashuka. Maji yakitoka hewa inaingia. Mboji iliyokaa miaka mingi bila kuoza sasa inaoza. Shamba linaweza kushuka sentimita kadhaa kila mwaka. Kwa hiyo kazi ya miaka 150 inaweza kumalizwa na watoto wetu kabla hawajamaliza darasa la saba. Shamba likishuka, masika yakija linajaa maji. Mkulima anachimba mfereji wa kina zaidi. Ardhi inashuka tena. Mwisho anaufikia mchanga au mfinyanzi uliokuwa chini, na mboji haipo.

Jambo la pili: moto. Huku kwetu kiangazi ni kirefu, na moto wa porini ni mwingi. Kinamasi chenye maji huuzuia moto. Kinamasi kilichokauka huupokea. Moto ukiingia kwenye mboji kavu hauwaki kwa ndimi kubwa. Unatambaa chini kwa chini, siku nyingi, hata majuma. Juu unaona moshi tu. Ng'ombe akikanyaga anatumbukia kwenye majivu ya moto. Mtu pia. Hapo ndoo mbili za maji hazisaidii kitu.

Jambo la tatu: maji na samaki. Kinamasi ni kama mtungi. Masika kinapokea mafuriko, kiangazi kinatoa maji kidogo kidogo. Tena wakati wa mafuriko perege na kambale huingia kwenye majani kutaga na kukuza watoto. Ukikausha majani umevunja nyumba ya uzazi ya samaki. Mvuvi wa ziwani atasikia njaa ingawa mfereji hakuuchimba yeye. Wazee walisema, mchuma janga hula na wa kwao.

Liko na jambo la nne, nalo linaihusu dunia nzima. Mboji ikioza au ikiungua hutoa hewa ya ukaa, ile hewa inayozidisha joto la dunia na kuvuruga mvua. Ardhi ya mboji ni kama sehemu 3 tu katika kila sehemu 100 za nchi kavu. Lakini ukaa uliofungwa humo ni mwingi kuliko ule wa miti yote ya misitu ya dunia. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza kwamba katika misitu ya vinamasi ya nchi mbili za Kongo mna mboji yenye ukaa wa tani milioni elfu 30 hivi.

WENZETU WAMEFANYA NINI?

Majirani zetu wa Burundi wana uhaba mkubwa wa kuni. Mwaka 1977 serikali yao iliunda shirika la mboji, liitwalo ONATOUR. Mboji ilichimbwa, ikakaushwa juani, ikawa kuni za kupikia katika kambi za jeshi na magereza. Rwanda nayo ilijenga mitambo ya kuchoma mboji ili kupata umeme, mmoja huko Gishoma na mwingine Gisagara. Hatuwacheki. Nchi zao ni ndogo, watu ni wengi, misitu ni michache. Lakini tujifunze. Mti ukikatwa unapandwa mwingine, mtoto akikua anaukuta. Mboji ya meta 1 ikichomwa, nani atangoja miaka 1,000?

Huko Ulaya, watu wa Ayalandi walichoma mboji kwa karne nyingi. Shirika lao kubwa, Bord na Móna, lilichimba kwa mashine. Januari 2021 likatangaza kwamba limeacha kuchimba moja kwa moja. Sasa linaziba mifereji ile ile liliyoichimba zamani, ili maji yarudi.

Na huko Indonesia mifereji mingi ilichimbwa ili kupanda miti ya michikichi na miti ya karatasi. Mwaka 2015 kiangazi kikawa kikali, mboji ikashika moto. Moshi ulifunika miji, hata nchi jirani. Mwaka 2016 serikali yao ikaunda idara maalumu ya kurudisha maji kwenye ardhi ya mboji.

Mnaona? Wengine wamekausha kwanza, wakajuta baadaye. Sisi bado tuna nafasi ya kuanza na akili.

MAVUNO YASIYOMALIZA

Je, maana yake tusiguse kinamasi? Hapana! Mtu mwenye busara anakula nafaka ya ghalani, lakini halichomi ghala. Juu ya kinamasi yapo mavuno yanayorudi kila mwaka. Tuyavune kwa utaratibu huu:

Mafunjo. Yanafaa kwa mikeka, kuezekea na kuzungushia ua. Kata shina juu ya maji, usikate chini ya maji, maana shina lililozamishwa huoza na kichaka hufa. Using'oe mizizi kamwe. Mizizi ndiyo inayoshika mboji isichukuliwe na maji. Gawa eneo katika sehemu tatu, mkate sehemu moja kila mwaka, mbili zipumzike. Mafunjo yaliyokatwa yanahitaji mwaka mmoja au zaidi ili yapate nguvu yake. Acha ukanda usiokatwa kando ya maji ya wazi, kwa ajili ya samaki na ndege.

Samaki. Tumia nyavu halali. Kokoro linakomba hata watoto wa samaki, na sumu inaua kila kitu. Anayevua watoto wa samaki anakula mbegu.

Majani ya malisho. Mifugo ilishwe mbugani maji yanaposhuka, si ndani ya mafunjo. Kwato hukanyaga chipukizi na kuvuruga mboji. Wafugaji na wakulima wakubaliane njia moja ya mifugo na mahali maalumu pa kunywea maji.

Asali. Mizinga itundikwe msituni kando ya kinamasi. Mrina asali ahakikishe moto wake umezimika kabisa kabla ya kuondoka.

Mbolea. Usichimbe mboji ya kinamasi kwa ajili ya bustani au kitalu cha tumbaku. Tengeneza mbolea yako shimoni kwa samadi, majivu na majani. Hiyo iko tayari baada ya miezi michache, si miaka 1,000.

TULIME WAPI BASI?

Mama mwenye robo eka ya bamia kinamasini hawezi kuambiwa "ondoka" tu, halafu watu wakaenda zao. Lazima aonyeshwe pengine. Mkoa wetu una udongo wa mfinyanzi wa mbugani, ule unaokuwa kama tofali. Huo ndio hasa wa mpunga. Ukitengeneza majaruba, mfinyanzi unashika maji ya mvua wala hauungui wala haushuki. Wakulima wa Igunga na Nzega wanaifahamu sana kazi hii. Kwa mboga za kiangazi, chimbeni visima vifupi pembezoni, mmwagilie kwa ndoo, badala ya kuyaondoa maji ya kinamasi.

Tena iko sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Meta 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Pimeni wenyewe.

KUKIPONYA KINAMASI KILICHOUMIA

Mahali pengine mifereji imekwisha chimbwa. Je, panaweza kupona? Panaweza, kama mboji haijaisha. Dawa ya kwanza ni maji. Kazi hii haimtaki mtu mmoja, inataka kijiji.

1. Mwisho wa kiangazi tembeeni kinamasi chote. Hesabuni mifereji, muichore kwenye karatasi, na muandike kila mmoja unatoka wapi na unaelekea wapi.

2. Kabla ya masika zibeni mifereji. Anzeni juu, mteremke chini. Msijenge ukuta mmoja mkubwa, maana maji yataubomoa. Wekeni vizuizi vidogo vingi, kimoja baada ya kingine, kama ngazi. Simamisheni vigingi, kisha jazeni magunia ya udongo wa mfinyanzi. Msitumie mboji iliyokauka, maana ni nyepesi na inachukuliwa na maji.

3. Penye mizizi hai mafunjo yatarudi yenyewe. Pasipo na mizizi, chukueni vipande vya mzizi vyenye chipukizi kutoka kichaka cha jirani, kidogo hapa na kidogo pale. Vipandeni kwenye tope mwanzo wa mvua. Chipukizi libaki juu ya maji.

4. Fyekeni njia ya kuzuia moto upande wa nchi kavu, na mpange zamu ya walinzi wakati wa kiangazi.

5. Zuieni mifugo isiingie mpaka mafunjo yamefunga.

6. Kila mwaka kagueni vizuizi baada ya mvua kubwa, mrekebishe palipobomoka.

Msitazamie muujiza. Mafunjo yanaweza kurudi katika miaka michache. Mboji iliyopotea hamtaiona ikirudi. Lakini iliyobaki itakuwa salama, nayo itaanza tena kuongezeka, ukucha mmoja kila mwaka.

KIJIJI KIFANYE NINI?

Jambo hili lipelekwe kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Huko ndiko wakulima, wafugaji, wavuvi na wakata mafunjo wanakokaa pamoja. Chini ya sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo na kuipeleka Halmashauri ya Wilaya ithibitishwe. Sheria ndogo iseme nani anakata mafunjo, wapi, na lini. Iseme mifugo inapita wapi. Iseme faini ya mwenye kuchimba mfereji au kuwasha moto. Ombeni ushauri wa afisa ugani, na wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika iliyopo Kigoma.

Angalieni jambo moja. Sheria iliyotungwa na kundi moja dhidi ya kundi jingine haidumu. Mkulima asimnyooshee mfugaji kidole, na mfugaji asimnyooshee mvuvi. Wote wanakunywa mtungi mmoja. Ninyi mliojifunza kusoma na kuandika mna kazi ya pekee hapa. Andikeni mkutano ulikubaliana nini. Wasomeeni wenzenu wasioweza. Wekeni daftari la zamu za kukata mafunjo, ili mwaka ujao pasiwe na ubishi.

Misafara ya zamani iliona kinamasi ni kikwazo tu. Ililipa, ikavuka, ikaenda zake. Sisi hatuendi popote. Hapa ndipo tulipo, na watoto wetu pia. Basi tuvune ya juu, na ya chini tuiache na maji yake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, karibu na kijiji chenu kuna udongo wa mboji, au ni mfinyanzi wa mbugani? Fanyeni jaribio muone.

2. Ikiwa mboji huongezeka milimita 1 kwa mwaka, sentimita 40 zimechukua miaka mingapi?

3. Nani katika kijiji chenu wanategemea kinamasi? Waandikeni wote, pamoja na wanawake wanaokata mafunjo.

4. Mwenye shamba ndani ya kinamasi atapata wapi shamba jingine? Toeni pendekezo la kupeleka mkutanoni.